Zamu ya Landilodi

Sitaki kumsingizia mtu. Jengo letu lilikuwa na maji moto. Yalikuwa yameandikwa ukutani, kando ya geti, kwa herufi nyekundu zilizosomeka kutoka ng'ambo ya barabara: NYUMBA ZA KUPANGA, MAJI MOTO SAA ZOTE. Mimi nimesoma chuo kikuu, na watu wa aina yangu wana udhaifu wa kuamini kilichoandikwa. Nikahamia na vitabu vyangu, nikavipandisha hadi ghorofa ya tatu, na jioni ya kwanza nikafungua mfereji wenye alama nyekundu. Yakatoka maji baridi. Nikafungua ule wenye alama ya buluu. Yakatoka maji baridi pia, ila haya yalitoka kwa nguvu zaidi.

Kesho yake nikamngoja landilodi getini.

"Mzee, maji moto hayatoki."

"Hayatoki kabisa?"

"Yanatoka, lakini ni baridi."

"Basi yanatoka," akasema, kama daktari aliyepata habari njema. "Mtambo wetu ni wa jua, mwalimu. Uko pale juu ya paa. Sasa niambie, wewe umeliona jua wiki hii?"

Sikuwa nimeliona. Ulikuwa mwezi wa sita, na wingu lilikuwa limekaa juu ya Nairobi kama kifuniko cha sufuria. Nikangoja. Jua likarudi mwezi wa tisa, likawaka mpaka lami ya barabarani ikalainika, na maji yangu yakabaki yalivyo. Nikamwendea tena. Akaangalia juu, akafuta jasho kwa kitambaa, akaniuliza kwa mshangao wa kweli: "Jua lote hili, mwalimu, wewe maji moto ni ya nini?"

Nadhani hapo ndipo nilipoanza kumchukia, na nilimchukia kwa bidii kwa muda mrefu. Naandika haya kwa sababu chuki yangu ilikuja kuharibiwa, na sijapata kitu kizuri cha kuweka mahali pake.

Kila mtu alimwita landilodi. Hata mkewe. Siku moja tulikuwa tumesimama naye kwenye ngazi simu yake ikalia, na sauti ya mama mtu mzima ikasikika hadi ghorofa ya pili: "Landilodi, unakuja kula ama nifunike?" Jengo lake lilikuwa kati ya Ziwani na Pumwani, ghorofa tano za mawe zilizosimama juu ya mabati ya majirani. Yeye aliishi upande wa Pumwani, na kila alipokuja alikuja kwa miguu, amevaa kabuti la kijivu la enzi zake za kazi ya reli. Ndani ya kabuti kulikuwa na shati, na vifungo vya juu vya shati vilikuwa wazi, Januari na Julai. Sisi tulipojikunja kwenye masweta yeye alitupita akipuliza hewa kama aliyetoka jikoni. Tuliona kwamba hiyo ndiyo shida yenyewe. Unamwelezaje baridi mtu ambaye haijui?

Nilijaribu kumweleza kwa maandishi. Nilimwandikia barua ya malalamiko kwa niaba ya wapangaji wote, barua yenye utangulizi, hoja na hitimisho. Nilikesha nikiisahihisha. Wiki iliyofuata alinisimamisha ngazini akanishika bega. "Mwalimu, ile barua. Kiswahili safi sana. Nimempa mjukuu wangu ainakili, ana mtihani." Wapangaji waliposikia walicheka kwa muda ambao mimi niliona umezidi.

Alikuwa na maneno yake. Ukimwambia dirisha la ngazini halina kioo, alisema, "Hewa ni dawa." Ukimwambia balbu imeibwa, alisema basi kuna mahali imewaka. Na ukimbana sana, ukisema kwamba watu wataugua kwa baridi hii, alinyoosha mgongo akaweka kiganja ukutani na kusema, "Nyumba hii haijawahi kuua mtu." Alilisema kwa fahari, kana kwamba ni sifa ambayo majengo ya wenzake hayakuwa nayo.

Na bado huyu huyu hakukosa msiba wa mpangaji hata mmoja. Mama wa fundi cherehani wa ghorofa ya kwanza alipofariki, landilodi alikaa na wafiwa usiku mzima kwenye benchi, akaimba nyimbo za kanisa ambazo hazikuwa za kanisa lake. Sikukuu ya Idi alikula pilau kwa Mama Halima, na Krismasi alikuwa mtu wa kwanza kupewa chapati ghorofa ya nne. Alijua mtoto wa nani anafanya mtihani na mtoto wa nani ameanza kutembea. Mpangaji mpya akileta friji, yeye ndiye aliyeshika upande wa chini, ule mzito, akaipandisha akihema. Lakini ukipigilia msumari ukutani kutundika kalenda, alipiga kelele kana kwamba umempigilia yeye.

Basi tuliishi. Baadhi walichemsha maji kwa gesi, wengine kwa mkaa, majiko yakipangwa jioni kwenye ushoroba kama foleni ya watu wenye macho mekundu. Vijana walioga pasipoti, yaani uso, shingo na mabega tu, sehemu zinazoonekana kwenye picha. Kilichokuwa hakiwezekani ni umeme. Mtu yeyote akichomeka hita ya chumba, au hata koili ya kuchemshia maji, swichi kuu ilianguka na jengo zima likazima. Swichi ilikuwa ndani ya sanduku la chuma kwenye ngazi, sanduku lilikuwa na kufuli, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa lile kabuti. Ilibidi apigiwe simu aje kwa miguu kutoka Pumwani, awashe, ahutubie, aondoke.

Hivyo ndivyo tulivyokuwa Julai ile Nekesa alipoletwa nyumbani pamoja na mtoto.

Nekesa na mumewe Wafula waliishi ghorofa ya nne. Wafula alichuna mbuzi kwenye machinjio ya Kiamaiko, akitoka kabla ya mapambazuko na kurudi jioni mikono ikiwa imekufa ganzi. Mtoto wao alikuja miezi miwili kabla ya wakati wake. Alikaa hospitalini katika chumba cha joto, kisha alipoanza kunyonya vizuri wakaambiwa waende nyumbani, kwa masharti. Mtoto avae nepi, kofia na soksi, basi. Alazwe kifuani mwa mtu, ngozi kwa ngozi, wima kama chura, afungwe hapo kwa leso, mchana na usiku, mpaka aongeze uzito. Mama akichoka, mtu mwingine ambebe, mradi awe mzima na msafi. Jiko la mkaa lisiingie chumbani kamwe, kwa sababu sumu yake haionekani na haina harufu. "Na muhakikishe nyumba ina joto," nesi akamalizia. Nekesa alituambia kwamba hapo alicheka mpaka nesi akamuuliza kama anajisikia vizuri.

Nilimwona mtoto huyo siku ya kwanza. Nilidhani ninaonyeshwa leso iliyokunjwa. Ndani yake kulikuwa na uso mdogo wenye hasira, na mkono ambao ungeweza kupita ndani ya pete. Tulimwita Julai kabla wazazi wake hawajaamua jina, na jina hilo halikutoka tena.

Mama Halima, aliyepika mahamri na mbaazi pale chini na kusikika hadi paa, ndiye aliyepanga zamu. Nekesa alikuwa amezaa kwa kupasuliwa na hakuweza kukaa na mtoto kifuani saa zote bila kulala wala kuoga. Wanawake wakachukua asubuhi na usiku, pazia likiwa limefungwa. Wanaume wakapewa mchana, mlango ukiwa wazi. Mama Halima alikagua kila mtu mlangoni.

"Prof, pumua hapa. Umevuta sigara?"

"Niliacha zamani, mama."

"Kohoa."

Nikakohoa.

"Hiyo ni mafua. Toka. Rudi ukiwa mzima."

"Umesema nikohoe!"

"Nimekwambia ukohoe, sijakwambia ukohoe hivyo."

Niliporudi nikiwa mzima nilikaa kwenye kiti nimefungua shati, nikafungiwa yule mtoto kifuani, na nikathibitika kuwa mpangaji asiyefaa. Mama Halima aligusa nyayo za mtoto kwa mgongo wa mkono, akangoja, akagusa tena. "Hapati joto. Kifua chako ni kama sakafu, baba." Brayo wa bodaboda, kijana wa ghorofa ya pili ambaye mgongo wake ulikuwa umejaa michoro, alipimwa akaonekana afadhali. Akanipita ngazini akicheka. "Pole Prof. Wewe ni wa vitabu tu. Mimi niko na injini."

Ni Brayo huyo huyo aliyeleta balaa, kwa nia njema. Alasiri moja ya ukungu aliazima hita ya chumba kutoka kwa rafiki yake, akaichomeka kwa Nekesa. Chumba kikawa chekundu kwa muda wa kusema alhamdulillahi. Kisha jengo lote likazima.

Landilodi alifika akiwa tayari anahutubia. Tulimsikia kutoka getini. "Nani? Nani amechomeka? Nilisema hapana koili, hapana hita! Mnataka kuchoma nyumba ya watu?" Akapita sanduku lake bila kulifungua, akapanda akigonga kila mlango, akafika ghorofa ya nne.

Alichokuta ni hiki. Nekesa alikuwa amelala anatetemeka, homa imempanda tangu asubuhi, ziwa moja limevimba na kuwa jekundu. Brayo alikuwa ameshika kofia ya pikipiki, anangoja kumpeleka zahanati. Mama Halima alikuwa mlangoni na shuka la mtoto, lakini yeye alikuwa ameamka na kikohozi na amejifukuza mwenyewe. Mimi nilikuwa pale na kifua changu cha sakafu. Wapangaji wengine, wake kwa waume, walikuwa kazini. Na mtoto alikuwa kitandani, amefungwa matambara, midomo imeanza kubadilika rangi.

"Nani amechomeka?" landilodi akauliza, lakini safari hii kwa sauti ndogo.

"Nawa mikono," Mama Halima akamwambia.

"Nini?"

"Ndoo ile pale. Nawa, kisha vua koti. Fungua shati, mzee."

"Halima, mimi nimekuja kwa mambo ya umeme."

"Umeme umezima. Sasa ni wewe. Unakohoa?"

"Sikohoi."

"Unavuta?"

"Mimi? Tangu lini?"

"Basi kaa."

Nilitarajia mambo mengi. Nilitarajia agome, acheke, aseme kwamba hewa ni dawa. Sikutarajia kumwona yule mtu akivua kabuti, akilikunja vizuri na kuliweka sakafuni, akinawa hadi viwikoni kama anayejiandaa kuswali, kisha akikaa kwenye kiti cha plastiki na kufungua vifungo vilivyobaki kwa vidole vilivyokosea. Mama Halima akamlaza mtoto pale kwenye mvi za kifua chake, akawafunga wote wawili kwa leso, akamrudishia kabuti juu. Kichwa chenye kofia ya sufu kikajitokeza chini ya kidevu cha landilodi. Brayo alimchukua Nekesa wakashuka.

Baada ya muda Mama Halima akaingiza mkono chini ya leso, akagusa nyayo. Akanitazama. Akagusa tena.

"Yuko moto," akasema. "Yuko moto kama mkate."

Hivyo ndivyo tulivyojua kwamba kifua chenye joto kuliko vyote katika jengo lile kilikuwa cha mtu aliyetunyima maji moto. Nilishuka chini nikaketi kwenye ngazi gizani. Nilikuwa nimeshtuka kama mtu aliyepigwa kofi na asijue ni nani ampige na yeye.

Nekesa aliporudi na dawa tayari jioni ilikuwa imeingia. Landilodi hakuwa amebadilisha mkao. Alisimama kwa shida, akayapigapiga magoti yake yaamke, akashuka akafungua sanduku na kuwasha umeme bila hotuba. Usiku huo jengo lote lilikuwa na sherehe ya kimyakimya. Tulikubaliana kwamba kesho fundi atakuja. Haiwezekani mtu aone vile asilete fundi. Mimi mwenyewe nilisema hivyo, tena kwa sentensi ndefu.

Kesho yake saa nane mchana alikuja. Peke yake. Alikuwa na kipande kipya cha sabuni ndani ya karatasi. Akapanda hadi ghorofa ya nne, akanawa, akavua kabuti, akakaa kwenye kiti cha plastiki, akanyoosha mikono apewe mtoto.

Akaja na siku iliyofuata. Ikawa zamu ya landilodi, na hakuikosa hata siku moja. Alimwita mtoto Mpangaji. Alimsimulia habari za reli, injini gani ilipinduka wapi. Kuna siku nilipita mlangoni nikamsikia akimwonya, kwa upole, kwamba hapa hapapigiliwi msumari ukutani.

Nikaona huu ndio wakati. Nikaingia, nikachuchumaa karibu na kiti, nikasema, "Mzee, sasa umeona mwenyewe. Mtambo ule wa maji..."

"Shh," akasema. "Mtoto amelala."

Nikarudi kesho yake. "Mzee, kuhusu mtambo."

"Shh."

Wapangaji wote walijaribu. Mtu asiyetengeneza kitu alikuwa amepata mahali pa kukaa ambapo hawezi kuulizwa. Wafula alimbana jioni moja ngazini, mtoto akiwa hayupo, akamwambia waziwazi: "Mzee, nakushukuru kwa binti yangu. Lakini ungetengeneza maji na umeme, singehitaji kifua chako." Landilodi alimtazama kwa uchungu mkubwa. "Kwani nimekosea kuja?" akauliza. Wafula, mtu anayeshika kisu kutwa, akaingiza mikono mfukoni, akampisha.

Kisha ikaja siku ambayo Julai aliacha kupumua.

Nilikuwepo. Nilikuwa nimeketi kwenye kizingiti nikisoma gazeti, landilodi yuko kwenye kiti, Nekesa amelala. Nesi alikuwa ametuonya kwamba watoto wa aina hii huweza kusahau kupumua, na kwamba ukiona kimya kisicho cha kawaida, mguse, msugue, mwamshe. Mimi sikusikia kimya chochote. Landilodi alikisikia kwa ngozi. Nilimwona ananyooka, anaingiza mkono chini ya leso, na uso wake unakuwa wa kijivu kama kabuti.

"Mpangaji," akasema.

Akamsugua mgongo.

"Mpangaji! We mpangaji! Wewe bado hujahama!"

Akampiga nyayo kwa kidole, mara moja, mara ya pili. Kichwa kidogo kilikuwa kimelegea. Nilisimama na gazeti langu mkononi na sikufanya kitu, kwa sababu sikujua kwamba mikono yangu ipo. Akampiga tena, kwa nguvu zaidi, na kutoka ndani ya lile shati kikatoka kilio chembamba cha hasira, kizuri kuliko sauti yoyote niliyowahi kuisikia. Nekesa alishtuka usingizini na kumkuta landilodi wake amesimama katikati ya chumba, kifua wazi, analia kwa sauti.

Brayo aliwakimbiza hospitali. Landilodi aliwafuata kwa miguu, karibu kwa mbio, shati likipepea. Daktari akawabakiza kwa siku chache, akasema mtoto amefika kwa wakati, na kwamba aliyemwamsha alifanya vizuri.

Jioni ile nilimwona landilodi anarudi. Hakwenda kwao. Alipanda mpaka paa, na mimi nikamfuata, kwa sababu nilitaka kuwepo mtu yule atakapobadilika. Alisimama mbele ya mtambo wa maji moto, tangi lake lenye kutu na sahani yake kubwa ya kioo. Alisimama sana. Aliweka kiganja kwenye tangi. Nikangoja.

"Mwalimu," akasema. "Hili tangi linahitaji rangi."

Nikashuka nikamwacha na tangi lake.

Na akaleta rangi. Jumamosi alifika na mkebe wa ile lami nyeusi ya kuziba mabati yanayovuja, na brashi, akapanda peke yake akakataa kusaidiwa. Siku nzima tulimsikia huko juu akikohozwa na harufu. Hakuna aliyewahi kumwona akitengeneza chochote kwa mikono yake, na tulitembea kwa kunyata kama watu wasiotaka kumshtua ndege. Jioni alishuka akiwa mweusi hadi masikioni, macho yanang'aa.

"Nyeusi hushika joto," akatuambia. "Kila mtu anajua. Nimepaka yote. Sasa ngojeni jua."

Mtoto alirudi nyumbani, na sisi, tukiwa bado na hofu, tukachanga na kumleta fundi kwa siri. Alikuwa mtu mnyamavu. Akapanda paa, akakaa kidogo, akarudi na uso wa mtu aliyekuta maiti.

"Nani amepaka kioo lami?"

Tukamwuliza ana maana gani.

"Jua hupita kwenye kioo ndipo lichemshe mabomba yaliyo ndani. Shida yenu ilikuwa kipuri kidogo tu, ningekibadilisha leo mkaoga. Lakini kioo chote kimepakwa lami, tena hata kwenye viungo, imeingia ndani. Hii haitoki. Huu mtambo sasa ni meza."

Tulisimama pale, wapangaji wazima wenye akili zetu. Wa kwanza kucheka alikuwa Mama Halima, na alicheka huku anajifuta machozi, na sikuweza kujua yalikuwa machozi ya aina gani. Kwa miaka yote landilodi aliukataa mtambo ule, na ungeweza kupona. Siku alipoupenda ndiyo siku aliyouua. Tulishauriana kama tumwambie. Hakuna aliyejitolea. Alikuwa ghorofa ya nne, kwenye zamu yake.

Julai alikua. Wingu liliondoka, uzito ukaongezeka, zamu zikafutwa moja moja, ya landilodi ikiwa ya mwisho. Mimi nilihama baadaye, nikaenda mahali penye maji moto na majirani nisiowajua majina.

Mwaka huu, mwezi wa saba, nilirudi kumwona Mama Halima aliyekuwa mgonjwa. Kwenye ngazi, kati ya ghorofa ya tatu na ya nne, nikamkuta landilodi na vijana wawili, mume na mke waliokuwa wanatafuta nyumba. Mke alikuwa mjamzito, amejitanda shali. Landilodi alikuwa amezeeka kwa mkupuo. Kabuti lilikuwa limemzidi mwili, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, shati lilikuwa limefungwa mpaka shingoni. Alikuwa amemshika begani msichana wa shule aliyekuwa anatafuna njugu. Ilinichukua muda kujua kwamba ni Julai.

"Mnamwona huyu?" alikuwa anawaambia. "Huyu alizaliwa kabla ya wakati wake. Alikuwa hivi, kama mkate. Amelelewa hapa hapa, ghorofa ya nne, mwezi kama huu, bila hita, bila kitu. Mwangalieni sasa! Nyumba hii ina joto lake la asili."

Nilishika reli ya ngazi. Nilidhani yule mtu ameshanimalizia mishtuko yote.

"Hiyo ni fiti," kijana akasema. "Babe, umeskia? Hata hakuna haja ya hita."

Mkewe hakuwa anamtazama yeye. "Hilo joto linatoka wapi, mzee?"

Landilodi akaniona, akafurahi. "Muulize mwalimu! Alikuwepo!"

Nikawaambia. Niliwaambia kwa kifupi, zamu, leso, swichi iliyokuwa ikianguka, na kwamba joto la nyumba ile lilitoka vifuani mwa watu waliopanga humo. Sauti yangu haikuwa nzuri. Nilitaka asikie.

"Na changu!" landilodi akasema, hana habari na hasira yangu. "Sema ukweli, mwalimu. Kifua cha nani kilikuwa na joto kuliko vyote?"

Ningetoa kitu kikubwa ili niweze kujibu vingine. "Chake," nikasema.

Yule mama akamtazama landilodi kwa makini, kuanzia viatu hadi kofia. "Wangu anaweza kuja wakati wowote," akasema. "Akija mapema kama huyu, wewe utakuja kumbeba?"

"Nitakuja. Kwa nini nisije?"

"Kila siku?"

"Kila siku. Saa nane."

Akamnyooshea mkono, kama watu wanaofunga makubaliano, na landilodi akautoa wake kutoka ndani ya kabuti. Yule mama akaushika. Akaendelea kuushika. Uso wake ukalegea.

"Mzee," akasema polepole, "mkono wako ni baridi sana."

Akamrudishia taratibu, akamshukuru, akaanza kushuka. Mumewe akamfuata akinong'ona, "Si tuulize deposit?"

"Nimeshauliza nilichotaka kuuliza," akamjibu, na nyayo zao zikateremka hadi getini.

Julai alimeza njugu zake akapanda kwao. Tukabaki wawili. Landilodi aliutazama mkono wake, upande mmoja na upande wa pili, kama kitu alichopewa dukani na sicho alichoagiza.

"Mwalimu," akasema. "Hebu shika. Ni kweli?"

Nikaushika. Ulikuwa kama chuma.

"Kidogo tu, mzee," nikasema, na sikuuachia.